Samsung Galaxy Y na simu za rika lake: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Samsung Galaxy Y, modeli ya GT-S5360, ilitoka mwaka 2011. Ina skrini ya inchi 3 yenye nukta 240 kwa 320, prosesa ya megahezi 832, betri ya mAh 1200 na Android 2.3. Huawei IDEOS U8150 iliitangulia kwa mwaka mmoja ikiwa na Android 2.2, skrini ya inchi 2.8 na prosesa ya megahezi 528. Maelezo haya yanazihusu hizo mbili na nyingine nyingi za bei ya chini za wakati huo, kwa sababu ndani yake zinafanana kuliko zinavyotofautiana kwa nje.

Kinachowapotosha watu kwenye simu hizi ni kwamba dalili hujitokeza mahali fulani huku chanzo kikiwa pengine kabisa. SMS hazipokelewi, lawama zinakwenda kwa mtandao, kumbe hifadhi ya ndani imejaa. Kioo kinajibonyeza chenyewe, kinaagizwa kipya, kumbe chaja ndiyo mbovu. Nenosiri linakataliwa, mtu analibadilisha mara tatu, kumbe simu haihudumiwi tena. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, fanya mambo manne: chaji betri ipite nusu, chomoa chaja, toa kadi ya kumbukumbu, kisha hakikisha tarehe na saa ni sahihi. Tatizo likiendelea baada ya hapo, endelea na dalili yako hapa chini.

SMS hazipokelewi, programu hazisakinishwi, alama ya hifadhi kujaa inaonekana

Hili ndilo tatizo la kwanza kwa wingi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Galaxy Y ina takribani MB 180 tu za hifadhi ya ndani kwa ajili ya mtumiaji. Nafasi iliyobaki ikishuka chini ya asilimia 10 ya sehemu hiyo, yaani kama MB 18, Android hutoa onyo. Onyo hilo si la kupuuzwa, kwani kuanzia hapo mfumo hukataa kusakinisha programu, huacha kusawazisha barua pepe na huuambia mtandao kwamba simu haina nafasi ya kupokea SMS. Mtandao huzishikilia na kujaribu tena baadaye. Ndiyo maana ukifuta vitu viwili vitatu, ujumbe wa tangu jana unaweza kuingia kwa mkupuo.

Kuweka kadi ya GB 8 hakutatui tatizo lenyewe. Anwani, SMS, data za programu na nakala tayari ya msimbo (maagizo ya programu) ambayo mfumo huitengeneza kwa kila programu vyote hukaa ndani ya simu, hata programu yenyewe ikiwa kwenye kadi. Kinachosaidia ni hiki, kwa mpangilio huu:

1. Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya kadi na hifadhi ya simu, usome nafasi iliyobaki. Lenga angalau MB 25, ili onyo lisirudi baada ya siku mbili.
2. Nenda Programu, Simamia programu, bonyeza kitufe cha menyu na upange kwa ukubwa.
3. Anza na programu zilizokuja na simu ambazo zimesasishwa, kama Ramani. Nakala ya kiwandani ipo kwenye sehemu ya mfumo, na kisasisho kimekaa kwenye sehemu yako. Una nakala mbili za kitu kimoja. Ukichagua kuondoa visasisho, nakala yako inafutika na ile ya kiwandani inabaki ikifanya kazi. Kisha zima usasishaji wa moja kwa moja, la sivyo kitarudi.
4. Futa akiba (faili za muda) ya kivinjari na ya programu za picha. Nafuu yake ni ya muda mfupi.
5. Hamishia kadini programu zinazokubali. Uwezo huu ulianza na Android 2.2, na kitufe chake hufanya kazi pale tu mtengenezaji wa programu alipouruhusu.
6. Kwenye mipangilio ya SMS, washa ufutaji wa ujumbe wa zamani. Kikomo cha kawaida ni ujumbe 200 kwa kila mazungumzo.

Usihamishie kadini programu yenye wijeti (kidirisha chake kwenye skrini ya mwanzo), kibodi au kengele ya kuamsha. Kila unapounganisha simu na kompyuta kama hifadhi ya USB, kadi hutoka mikononi mwa simu na programu zote zilizomo hutoweka kwa muda. Wijeti hupotea kwenye skrini ya mwanzo na kengele haiamshi mtu.

Alama ikibaki hata baada ya kupata nafasi, zima simu uiwashe. Mfumo hupima upya wakati wa kuwaka.

Simu nzito, inaganda, inauliza "subiri" au "funga kwa lazima"

Ujumbe wa kusubiri au kufunga hutokea programu iliyo mbele yako inapokaa sekunde 5 bila kujibu mguso. Mara moja moja si hitilafu. Ukiuona kila saa, kwanza rudi kwenye hifadhi, maana sehemu ya ndani iliyojaa hupunguza kasi ya kila kitu. Pili, ondoa programu za kuua programu nyingine. Zilipendwa sana wakati ule na zinadhuru. Android tayari ina utaratibu wake wa kufunga programu zisizotumika kumbukumbu inapopungua. Ukizifunga kwa nguvu, nyingi hujifungua tena zenyewe, na kazi ya kuzifungua upya ndiyo inayokula prosesa na betri. Tatu, punguza wijeti zinazojisasisha na usitumie mandhari yanayotembea.

Kuna ujumbe mmoja wa kutambua kwa jina: "android.process.acore" imesimama ghafla. Huo unahusu hifadhidata ya anwani. Dawa yake ni kufungua Simamia programu, kutafuta hifadhi ya anwani na kufuta data yake, ila hatua hiyo hufuta majina yote yaliyo kwenye simu. Toa kwanza nakala: fungua Anwani, menyu, hamishia kwenye kadi. Faili la .vcf litaandikwa, nawe utalirudisha baadaye kwa njia hiyo hiyo. Usawazishaji ulioshindwa katikati ndio chanzo kinachojirudia zaidi, hivyo zima usawazishaji wa anwani kabla ya kurudisha.

Skrini haigusiki, au inajigusa yenyewe

Jua kwanza skrini ni ya aina gani. Gusa kwa ukucha. Ikijibu, ni ya shinikizo, yenye tabaka mbili zinazokutana unapobonyeza, kama ile ya Nokia 5230 ya mwaka 2009. Ikikataa ukucha na kukubali nyama ya kidole, ni ya umeme tuli, kama Galaxy Y na IDEOS. Skrini ya shinikizo inayogusa pembeni ya pale ulipobonyeza huhitaji kusawazishwa tu: kwenye mipangilio ya simu, ingizo la mguso, kuna zana inayokuomba ubonyeze alama kadhaa. Tumia ncha nyembamba, na usibonyeze kwa nguvu. Yanayofuata ni ya aina ya pili.

Ikijigusa wakati wa kuchaji tu, tatizo ni chaja. Skrini hizi hupima mabadiliko madogo mno ya chaji ya umeme yanayoletwa na kidole, na chaja duni hupitisha kelele za umeme zinazofanana na mguso. Chomoa chaja ujaribu. Ikitulia, tumia chaja nyingine, au chaji kutoka kwenye kompyuta mpakato inayotumia betri yake. Usibadilishe kioo kabla ya jaribio hili.

Ikijigusa hata bila chaja, ondoa karatasi ya kulinda kioo, futa jasho na mafuta kwa kitambaa kikavu, kisha angalia betri. Betri iliyovimba husukuma simu kutoka nyuma.

Sehemu fulani isipoitikia, huhitaji msimbo wala programu kuipima. Bonyeza na ushikilie ikoni kwenye skrini ya mwanzo, kisha uiburute polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mstari kwa mstari. Pale ikoni inapodondoka mara zote bila kidole kuinuka, tachi (tabaka la mguso) imekufa. Mstari mzima uliokufa, wa wima au wa mlalo, unaonyesha uzi wa upitishaji uliokatika ndani ya kioo au utepe wa nyaya ulioachia kwenye soketi yake, mara nyingi baada ya simu kuanguka. Utepe unaweza kukazwa tena. Uzi haurekebishiki. Kwenye Galaxy Y tachi na onyesho la LCD ni vipande viwili, kwa hiyo picha ikiwa nzima hakuna sababu ya kununua vyote.

Skrini inayozimika mara tu simu inapopigwa na kugoma kuwaka hadi upande wa pili ukate ni jambo jingine. Kitambuzi cha ukaribu, karibu na spika ya sikio, kinadhani simu iko sikioni. Kisafishe, na ukate karatasi ya kulinda kioo isikifunike.

Inajizima, haichaji, au chaji haikai

Simu ikizimika hasa inapopiga, kupokea au kutuma ujumbe, huku ikisema imebaki asilimia 30, mshukiwa ni betri. Redio ya GSM hutuma kwa vipande vifupi sana vinavyoweza kuvuta mkondo wa karibu ampea 2. Betri iliyozeeka ina ukinzani mkubwa ndani yake, hivyo volti hushuka ghafla kwa muda huo mfupi na simu hukata. Mahali penye mtandao dhaifu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa simu hupaza nguvu ya kutuma. Betri hiyo hiyo ikipimwa ikiwa imepumzika inaweza kuonekana nzima, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Kwa maltimita (kipimo cha umeme), betri iliyojaa husoma kati ya volti 4.15 na 4.20. Ikisoma chini ya 3.4, simu haitawaka mpaka ichajiwe. Iliyokaa kabatini hadi chini ya 3.0 iache kwenye chaja kwa nusu saa kabla ya kujaribu kuwasha, maana mwanzoni huchajiwa kwa mkondo mdogo na skrini haionyeshi kitu. Iliyoshuka chini ya 2.5 achana nayo. Iweke pia kwenye meza bapa uizungushe: ikizunguka kama pia, imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Ya Galaxy Y inaitwa EB454357VU, na tarakimu hizo zinaendana na vipimo vyake: unene wa milimita 4.5, upana 43, urefu 57. Hiyo hukusaidia kutambua ya bandia isiyokaa sawasawa.

Betri ikiwa nzima na simu haichaji, badilisha waya kabla ya chaja. Kisha angalia sistimu chaji (tundu la kuchajia) kwa tochi. Toa betri, safisha vumbi lililoshindiliwa kwa kijiti cha meno na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uiache ikauke dakika 10. Ulimi wa ndani ukiwa umepinda au tundu likicheza, limeachia kwenye bodi na linahitaji kuchomelewa. Kuchaji kwa waya wa kompyuta huleta miliampea 500, kwa hiyo betri ya mAh 1200 huchukua saa tatu hivi. Huo si ubovu. Simu ikichaji lakini kompyuta isiione, waya huenda ni wa chaji tu, hauna nyuzi za data.

Chaji ikiisha usiku simu ikiwa imelala, fungua orodha ya matumizi ya betri. Huduma ya midia (inayoorodhesha muziki, picha na video) ikiwa juu, kuna faili bovu kwenye kadi: kikagua midia hulifikia, huanguka, huanza upya, usiku kucha. Toa kadi usiku mmoja ulinganishe. Ikithibitika, nakili vilivyomo kwenye kompyuta, fomati kadi, rudisha kidogo kidogo. Folda usiyotaka ikaguliwe iwekee faili tupu liitwalo .nomedia.

Kadi, kamera, redio na sauti

Galaxy Y hupokea microSD hadi GB 32 zenye mfumo wa faili wa FAT32. Kadi ya GB 64 huja na exFAT, ambayo simu haiisomi na itakuomba uifomati. Inayosema imeharibika kila baada ya siku chache mara nyingi ni ya bandia, yenye ukubwa wa uongo. Ijaze yote kwenye kompyuta kisha usome faili za mwisho: zisipofunguka, itupe.

Kamera ya IDEOS hukataa kufunguka bila kadi. Kamera ya Galaxy Y ina lenzi isiyolenga, hivyo maandishi ya karibu hutoka na ukungu daima, na hakuna mpangilio wa kuuondoa. Rudi nyuma, piga picha, kisha uikate ibaki sehemu unayoitaka. Redio ya FM hutaka spika za masikioni za waya kwa sababu waya huo ndio antena. Alama ya spika ikigoma kuondoka hata baada ya kuchomoa, swichi ndogo ndani ya tundu imekwama: chomeka na kuchomoa mara kumi, kisha safisha. Muziki ukitoka bila sauti ya mwimbaji na ukirudi kawaida unapobonyeza kitufe cha maikrofoni, pete za plagi zimepangwa kinyume na simu yako. Tafuta spika nyingine.

Wi-Fi na mtandao wa simu

Redio ya Wi-Fi ni ya gigahezi 2.4 tu. Mtandao wa 5 hautaonekana kamwe, na wa 2.4 unaweza kufichika ukiwa kwenye chaneli ya 12 au 13. Weka ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, na usalama uwe WPA2 wenye AES, kwa kuwa WPA3 simu haiijui. Ikikatika kila skrini inapozima, fungua mipangilio ya Wi-Fi, menyu, mahiri, ubadilishe sera ya kulala.

Kwa laini, hakikisha kisanduku cha kutumia 2G pekee hakijachaguliwa, data imewashwa na APN (mpangilio wa njia ya intaneti) ni ya mtandao wako. GT-S5360 hutumia 3G kwenye megahezi 900 na 2100. Haina 4G, kwa hiyo pale mtandao ulipozima 3G kinachobaki ni 2G, na palipozimwa zote mbili simu haitapiga kabisa, hata ikiwa nzima. Soketi ni ya laini kubwa, milimita 25 kwa 15. Laini ndogo huhitaji fremu, na fremu isiyogandishwa hunasa vijiti vya soketi wakati wa kutoa na kuving'oa. Igandishe kwa utepe mwembamba upande usio na shaba.

Nenosiri ni sahihi lakini akaunti inakataa, kurasa hazifunguki

Usibadilishe nenosiri. Tangu 27 Septemba 2021 Google imezuia kuingia kwenye akaunti kupitia simu zenye Android 2.3.7 kurudi nyuma, na simu huonyesha kosa la jina au nenosiri ingawa vyote ni sahihi. WhatsApp iliacha matoleo hayo tangu 1 Februari 2020.

Kurasa nazo hukataa kwa sababu inayokaribiana. Android 2.3 huongea TLS 1.0 pekee, lugha ya zamani ya kulinda mawasiliano na tovuti, na Machi 2021 IETF, shirika la viwango vya intaneti, ilitangaza rasmi kwamba TLS 1.0 na 1.1 zisitumike tena. Tovuti nyingi hufunga mlango kabla hata ya kuonyesha herufi moja. Kitu kimoja tu unachoweza kukirekebisha hapa: tarehe. Saa iliyorudi miaka ya nyuma baada ya betri kutolewa hufanya kila cheti cha usalama kionekane batili.

Programu ikikataa kusakinishwa, au ikifungua na kuanguka papo hapo, prosesa yaweza kuwa sababu. Ni ya muundo wa zamani wa ARMv6, na programu nyingi ziliandikwa kwa ule mpya zaidi wa ARMv7. Adobe Flash Player ilikuwa mojawapo.

Kwa simu ambayo bado ina akaunti ndani yake, onyo ni moja: usiiriseti (kuirudisha kwenye hali ya kiwandani) kwa matumaini ya kuifanya iingie upya. Ukishaifuta akaunti, hairudi.

Imekwama kwenye mchoro wa kufungua

Makosa 5 huleta kusubiri kwa sekunde 30. Makosa 20 huacha njia moja, ya akaunti ya Google, na hiyo imeshafungwa kama ilivyoelezwa. Kilichobaki ni kuriseti. Matoleo haya hayana kufuli ya akaunti baada ya riseti, iliyokuja na Android 5.1, kwa hiyo simu itafunguka bila kuuliza kitu. Toa kadi kwanza, ili picha zibaki salama.

Haipiti nembo ya Samsung

Toa betri, laini na kadi, subiri nusu dakika, rudisha betri pekee uliyoijaza kando. Betri dhaifu hudondoka volti katikati ya kuwaka na simu huanza upya bila kikomo. Angalia pia kitufe cha kuwasha kisiwe kimekwama ndani.

Isipopita, ingia kwenye hali ya urejeshi: simu ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti, cha nyumbani na cha kuwasha kwa pamoja mpaka maandishi yatokee. Tembea kwa vitufe vya sauti. Kitufe cha kuchagua kimeandikwa juu ya skrini. Chagua kwanza "wipe cache partition" kisha washa upya, maana hatua hiyo haigusi data zako. Ikishindikana ndipo utumie "wipe data/factory reset", ambayo hufuta majina, SMS na programu zote za ndani.

Ikirudi kwenye nembo hata baada ya hapo, mfumo wenyewe umeharibika na simu inahitaji kuflashiwa (kuandikiwa mfumo upya kwa kompyuta). Shikilia cha kupunguza sauti, cha nyumbani na cha kuwasha. Ikiingia kwenye hali ya kupakua, kompyuta inaweza kuifikia. Tumia mfumo wa GT-S5360 na si wa jamaa yake yeyote, betri ikiwa juu ya nusu, kwa waya usiocheza, na usiiguse mpaka imalize. Isipoingia hata hapo, na betri ya pili imejaribiwa, tatizo liko kwenye bodi.